Mzee Anaenda Nyumbani

Mimi ni mchungaji wa wagonjwa katika hospitali moja hapa Kitale. Wiki yangu ya kwanza kazini, sista wa wodi alininong'oneza ili asiwaamshe waliolala.

"Pasta, mzee Wekesa anaenda nyumbani leo. Mwombee kidogo."

Kwetu kanisani, kwenda nyumbani kuna maana moja tu.

Nilimkuta mzee amelala, mkewe ameketi kando yake.

"Mama, umeambiwa kwamba anaenda leo?" nilimuuliza kwa upole.

"Nimeambiwa, pasta. Si nimemletea suti? Hata mbuzi wamechinja asubuhi."

Nilistaajabia imani yake. Sijawahi kuona mtu anayekaribia ujane akitabasamu namna ile. Basi nikaushika mkono wa mzee, machozi yakinitoka, nikaomba kwa sauti:

"Baba, mpokee mtumishi wako. Mfungulie malango ya mbinguni."

Mzee akafumbua macho, akanitazama, akauvuta mkono wake polepole.

"Pasta, unanipeleka wapi? Daktari amesema nimepona, nirudi kwangu Myanga."