Amri Iliyopanga Majina Peke Yake

Kifua cha mwanangu kilianza kukoroma usiku sana, na kulipokucha tu nilikuwa naye mgongoni kwenye zahanati moja huko Rau. Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano. Nikamwambia, dada, hiyo isiwe penisilini, ilishamvimbisha uso akashindwa kupumua, na mliandika hapa hapa. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Inasoma mwanao hana shida na dawa yoyote, mama."

Nililia hadi wakamwita kijana aliyewatengenezea programu. Akatazama, akajikuna shingo. "Jana niliwapanga watoto kwa alfabeti. Kuna amri inakuja na lugha yenyewe ya kompyuta, inaitwa 'panga'. Kumbe imepanga majina peke yake, tahadhari za dawa zikabaki zilipokuwa."

"Kwa hiyo ya mwanangu iko kwa nani?"

"Kwa mtoto mwingine, mama. Lakini jina la amri sikulichagua mimi."

Huku kwetu mtoto akipewa jina la babu yake ukoo unakaa kikao na pombe ya mbege inanywewa. Waliotunga amri ile, wakashindwa kuiita 'panga safu hii tu', sijui walikaa kikao gani.

Nesi akaimwaga ile dawa, akafunga mlango. "Tutarekebisha, mama. Usimwambie mtu mwingine."

Mwanangu bado alikuwa anakohoa, na dawa nyingine ilikuwa kabatini kwa nesi. Nikamwahidi sitamwambia mtu mwingine.