Aliyesimama Pembeni ya Picha

Mzee Picha alikuwa na mdomo mtamu, na kwa mdomo huo alipendwa. Studio yake ilikuwa chumba kimoja ubavuni mwa kanisa. Na kwa kuwa mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, kila aliyebatizwa, aliyeoa na aliyezikwa pale alipita mbele ya kamera yake, kwanza akataniwa, kisha akapigwa picha.

Sasa, kazi yake ilikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Ukipigwa picha na Mzee Picha, ulitoka mweupe kuliko ulivyoingia. Yeye aliiita kazi hiyo kung'arisha. Alikaa mbele ya kompyuta, akavuta mwanga hivi, akafuta kivuli vile, na bibi harusi alipokuja kuchukua picha zake alijiona amekuwa maji ya kunde, akashukuru mpaka machozi. Wateja walitaka nini zaidi? Kila mtu anapenda kupendeza. Hivyo ndivyo alivyojiambia miaka yote, na hakuna aliyembishia.

Usidhani hakuwa mtu wa haki. Wee! Mwanawe wa kiume alikuwa anasoma ng'ambo, na siku moja alipiga simu akasema amefukuzwa mlangoni. Mwenye nyumba alimtazama, akamwambia chumba kimeshachukuliwa, na kibao cha "chumba kinapangishwa" bado kinaning'inia dirishani. Jumapili iliyofuata Mzee Picha alisimama mbele ya kanisa akalia kama mtoto. Tangu hapo somo lake la Jumatano likawa moto. Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake, alisema, akipiga meza, na anayeidharau ngozi ya mtu amemtukana aliyeishona! Watu waliitikia "Amina" mpaka mabati yakatetemeka.

Na Jumapili ile ya machozi, aliyeinuka wa kwanza kwenda kumshika bega na kumwombea mwanawe alikuwa rafiki yake, fundi bomba. Aliomba kwa sauti yake nzito, taratibu, akimtaja yule kijana kama wake wa kumzaa.

Huyu fundi bomba alikuwa mweusi tii. Hakuna bomba la kanisa ambalo hakuwahi kulilalia chini na spana yake, wala hakuwahi kudai asante. Lakini kanisa zima lilimwita Usiku, na jina hilo alipewa na nani kama si Mzee Picha! Siku moja umeme ulikatika kwaya ikifanya mazoezi, na uliporudi Mzee Picha akasema, "Kumbe haukukatika, ni huyu bwana alisimama mbele ya taa." Watu walicheka wakashika mbavu. Fundi bomba naye alicheka. Sasa jamani, mlitaka afanye nini? Jina likamganda. Mkewe peke yake ndiye ambaye hakuwahi kulitamka.

Picha za pamoja nazo zilikuwa na utaratibu wake. Mzee Picha aliwapanga watu kwa mkono, weupe weupe katikati, na wengine wakifuatia kuelekea pembeni. "Usiku, sogea kidogo, ndugu yangu, unanilia mwanga." Fundi bomba alisogea. "Kidogo tena." Akasogea tena. Na picha ilipofika kwenye kompyuta, mara nyingi pembeni pale palikatwa, eti fremu isijae.

Halafu fundi bomba akaugua kifua, na hakukaa sana.

Mzee Picha alilia kwa dhati, hilo tusimnyang'anye. Alisema picha ya msiba ataitengeneza mwenyewe, bure, kubwa, yenye fremu ya dhahabu. Alikuwa amempiga moja siku fundi na mkewe walipoadhimisha ndoa yao. Akaikalia asubuhi nzima. Na kwa sababu alimpenda, alimng'arisha kuliko alivyowahi kumng'arisha mtu yeyote, ili rafiki yake aende kwa heshima. Alipomaliza alijipongeza.

Siku ya mazishi picha iliwekwa juu ya kimeza nje ya mlango wa kanisa, ili wageni wajue msiba ndio huu. Mzee Picha alisimama kando yake akipokea watu. Akaja mama mmoja mwenye mfuko begani na vumbi la safari miguuni.

"Karibu, dada. Pole sana."

Yule mama aliitazama picha, akarudi nyuma hatua moja. "Asante, kaka. Samahani, naona nimeelekezwa vibaya. Natafuta msiba wa kaka yangu, fundi bomba."

"Ndio hapa, dada."

"Hapana. Huyu simjui." Alishaanza kugeuka kuifuata barabara, kisha akasita. "Kaka yangu mweusi. Ni mweusi kama mimi."

Hapo Mzee Picha akamtazama usoni, na rafiki yake akamtazama kutoka humo. Paji la uso lile lile, mashavu yale yale, weusi ule ule uliotulia. Nyuma yake mwanakwaya mmoja alicheka, akidhani ni kichekesho, kisha akajiziba mdomo mwenyewe.

Mjane alitoka ndani. "Wifi, ni hapa. Hujapotea." Wakakumbatiana. Na yule dada, bado yuko begani kwa wifi yake, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka ndani kwenye mabenchi, "Mbona mmemfanya hivi? Alikuwa na kosa gani?"

Mchungaji aliangalia viatu vyake. Mjane alinyoosha mkono akaigeuza fremu ya dhahabu, ikatazama ukuta, kisha wakaingia. Mzee Picha alibaki mlangoni ibada nzima. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikumfanyia hisani hiyo.

Baada ya mazishi mwanawe alipiga simu kutoka ng'ambo, sauti imekauka. "Baba, nitumie picha ya mzee fundi. Ile kubwa." Mzee Picha akasema mtandao unasumbua. Alimdanganya mwanawe mwenyewe, na hata alipokuwa anadanganya alikuwa anaiona ile picha ikitazama ukuta.

Jumatano hakufundisha. Alisema ana mafua.

Wiki iliyofuata mjane alikuja studio mchana, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shemeji, sikuja kugombana. Nataka picha ya mume wangu. Ile ya mwanzo, kabla hujaigusa. Sina nyingine. Simu yake iliingia maji, yangu haipigi picha, na wajukuu zangu hawakumfahamu vizuri. Watamjua kwa picha tu."

Mzee Picha alilamba midomo. "Shemeji... mimi nikitengeneza, nahifadhi juu ya ile ile. Ya mwanzo haipo."

"Haipo kabisa?"

"Haipo."

"Basi mrudishe," mjane alisema. "Uliyemtoa huko si ni wewe? Mrudishe."

Akajaribu. Alivuta mwanga upande wa pili, uso ukawa wa majivu. Akaongeza weusi, ukawa wa tope. "Huyo ni mgonjwa," mjane alisema. Akajaribu tena. "Huyo ni maiti." Na hapo ndipo Mzee Picha alipogundua jambo lililomvunja. Hakukumbuka. Alikaa na mtu yule meza moja miaka na miaka, na hakujua rangi yake halisi, kwa kuwa kila alipomtazama alikuwa anawaza jinsi ya kuipunguza.

"Tutafute kwenye za pamoja," alisema, kwa sauti ya kuomba.

Wakatafuta. Ndoa, ubatizo, kwaya, uzinduzi wa tangi la maji alilolifunga fundi mwenyewe. Kwenye picha moja ulibaki mkono. Kwenye nyingine, nusu ya bega na sikio. Kwenye ile ya tangi hakuwemo kabisa. Kila alipofungua moja, Mzee Picha aliona mkato wake mwenyewe, ulionyooka vizuri, wa fundi hodari. Aliona haya hata kumtazama mama wa watu.

Mwisho akaifungua ile ya kumuaga mwanawe, siku anaondoka kwenda masomoni. Hakuwahi kuitengeneza, haraka ya safari ilimzidi. Watu wamejaa mbele ya kanisa, kijana katikati na sanduku lake. Na mwisho kabisa kushoto, mzima, kuanzia unyweleni mpaka viatuni, fundi bomba anacheka, spana imechungulia mfukoni, uso mweusi unang'aa juani.

"Ndiye," mjane alisema. Akakigusa kioo. "Ndiye huyo. Ndiye baba watoto."

Mzee Picha akashika kipanya ili aichape. Na Mungu ni shahidi, hakukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, ukafika kwenye kitufe cha mwanga.

"Shemeji," mjane alisema.

Aliuondoa kama ameungua. Akainamisha uso, machozi yakadondoka mezani, na hakuyafuta. "Nisamehe," alisema. "Nimewafundisha watu Jumatano zote hizo. Nimemlilia mwanangu mbele ya kanisa zima. Na yeye ndiye aliyeniombea."

Mjane hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alikuwa bado anamtazama mumewe.

"Unaona alivyosimama mbali na wenzake?" aliuliza. "Hapo hukumwambia asogee. Siku hiyo ulikuwa unalia, hukumpanga mtu."

Kweli. Kati ya fundi bomba na aliyemfuata palikuwa na nafasi ya mtu mzima.

"Mimi nilimwita. Nikamwambia njoo ukae na mimi. Akasema, 'Mke wangu, niache hapa hapa. Rafiki yangu akitaka kunikata, asipate tabu.'"

Mashine ya kuchapa ilikuwa imeshawaka, inasubiri. Mzee Picha aliuliza, kwa shida, kama awaondoe wale wengine ili marehemu abaki peke yake, katikati, awe mkubwa.

"Hapana," mjane alisema. "Usikate mtu. Ichape ilivyo, na hiyo nafasi iache ionekane."