Nguzo ya Walungu

Wakati wa vita vya pili vya Kongo nilifanya kazi katika biro, yaani ofisi, ya kanisa, hapa Bukavu, iliyogawia chakula watu waliokimbia makwao. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni juzijuzi. Maman mmoja, mama mtu mzima niliyekaa naye meza moja, alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi. Ndiye aliyenionyesha kwamba ndani ya grafiki ya kompyuta si lazima kuandika namba. Unaandika jina, na nyuma ya jina kuna hesabu ambayo mashine inaifanya yenyewe.

Jina letu lilikuwa “mahitaji”. Ndani yake kulikuwa na jina lingine, “watu”, na ndani ya “watu” kulikuwa na “nyumba”, yaani familia moja tunaihesabia watu wangapi. Ukigusa “nyumba”, nguzo zote za grafiki, moja kwa kila mahali watu walikotoka, zinapanda au kushuka zenyewe. Nilipenda kuzitazama.

Asubuhi moja aliingia mama kutoka Walungu, amezungukwa na watoto.

“Wote ni wako?” nikamuuliza.

“Wawili tu. Hawa wengine nilikutana nao njiani. Ningewaacha wapi?”

Waliomfuata kutoka Walungu nao walikuja hivyo hivyo, kila nyumba na watoto wa wenzao. Ikabidi Walungu wapate hesabu yao peke yao, nyumba kubwa kuliko za wengine, kwa hiyo nikaandika “watu” upya. Nguzo ya Walungu ikatoweka. Ya Katana ilikuwepo, nyingine zote zilikuwepo, lakini Walungu ni kama hakuna mtu aliyetoka huko. Mkubwa wetu alikuwa anaingojea grafiki ile ili aombe lori. Nikahisi machozi.

Maman akavuta kiti. “Anzia ndani kabisa, mutoto wangu, utoke inje pole pole.”

“Nyumba” ilikuwa sawa. Kwenye “watu” akaweka kidole kwenye kioo. Nilikuwa nimesahau alama ya sawasawa (=) mwanzoni, na mashine ilikuwa inasoma maneno yangu kama maneno tu, haihesabu kitu. Nikaiandika. Nguzo ikapanda, ikaipita ya Katana.

“Sasa wanaonekana,” akasema.

Lori lilifika na unga na maharagwe, na yule mama akapewa chakula cha watoto wote. Baadaye alipata chumba Bagira; tulikuwa tukimwona kwenye misa, benchi nzima ni ya kwake.

Amani iliporudi biro ilifungwa, na maman akaenda kukaa kwa binti yake. Siku hizi mashine zinachora haraka kuliko zamani. Lakini ninapokwama, natamani kusikia kiti kile kikivutwa karibu yangu, na harufu ya moshi wa makala ya kupikia kwenye kitenge chake.