Nilitaka kumpeleka binti yangu Kyela, akanifundisha baiolojia

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nauza vitenge hapa Bulyaga, Tukuyu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi, Mungu ananiona.

Binti yangu Zuhura ana miaka kumi na nne. Mwaka jana yeye ndiye alikuwa ananiamsha kuswali alfajiri.

Mwaka huu karefuka ghafla, kanipita. Kumwamsha ni vita. Vikombe vinamdondoka hovyo. Ukimsemesha anakujibu kijeuri, halafu anaenda kulia chumbani.

Nikaona mtoto ananipotea. Akishabalehe swala ni wajibu wake, huyu analala tu!

Nikaongea na dada yangu wa Kyela, tukakubaliana Zuhura ahamie kwake, shule amalizie huko. Dada yangu hana mchezo. Zuhura nikamwambia aanze kufungasha.

Sasa mimi nasoma QT jioni, yale masomo ya sekondari ya sisi watu wazima, maana nilitoka la saba nikaolewa (msinicheke). Wiki hiyo mwalimu akafundisha balehe. Mambo ya mwili nilielewa, nimezaa wanne. Ya ubongo yakanipita, na kesho yake jaribio.

Nikajishusha, nikamwita Zuhura. Shuleni kwao mada hiyo walishaisoma.

Akanichorea kichwa kwenye daftari. Akasema sehemu ya hisia inachangamka mapema, ila ile ya kupima jambo kabla hujalifanya inakomaa mwisho kabisa, hata miaka ishirini bado. Na usingizi unachelewa kuja, ndiyo maana asubuhi mwili unagoma.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ukinijibu vile hujui unachosema?"

"Najua mama. Ila najua nikishasema."

Akaendelea kuchora, kisha akasema taratibu, "Wewe ya kwako si imeshakomaa? Mbona unanihamisha kwa hasira?"

Wakuu, swali hilo nililala nalo.

Asubuhi nikampigia dada, nikamwambia Zuhura habanduki hapa. Akasema mtoto kanipanda kichwani. Nikamwambia sawa, ila atanipandia hapa hapa nyumbani.

Swala sijamwachia. Nimebadilisha jioni: vyombo vinaoshwa mapema, simu yake naichukua baada ya Isha ili alale. Kuna siku anaamka mwenyewe, kuna siku namwita mara tano. Ila tunaswali pamoja, na hatugombani kama zamani.

Nilichojifunza: nilimwona mrefu nikadhani ameshakuwa mtu mzima. Bado anakua.

Wenye mabinti wa umri huu, mnaishi nao vipi? Na aliyewahi kumpeleka wake kwa ndugu aseme ukweli ilikuwaje, maana dada yangu bado ananipigia akimtaka.