Siku Nilipozifukiza Udi Kadi za Raya

Aibu nimezipata nyingi maishani, lakini hii ya kadi za mpira ndiyo inayonifanya nijifunike shuka gubigubi mpaka leo, na bora niiseme mwenyewe, maana Bi Salma jirani yangu keshaitangaza mtaa wetu wa Al Khoudh mzima, hapa Maskati, na kila akirudia anatia chumvi.

Raya ni mjukuu wangu, na nasema bila kuona haya, katika ukoo wetu hajatokea mwenye kichwa kama chake (mie niliishia chuoni kwa kusoma Kurani na kuandika jina langu, basi). Tangu mdogo, wenzake wakipewa hela za sikukuu wananunua bangili, yeye ananunua kadi, vikaratasi vya rangi vyenye picha za wacheza mpira ambao majina yao hayakai mdomoni mwangu. Mwaka jana akapata nafasi ya chuo kikuu Malaysia, kusomea mambo ya macho. Ada kalipiwa, lakini nauli na pa kukaa ajitafutie, na wakampa mpaka mwisho wa mwezi athibitishe, la sivyo anapewa mwengine. Ndipo akasema atauza kadi zake.

Nikacheka. "Vikaratasi ndivyo vikupeleke Malaysia?"

Akanionesha kimoja, cha mshambuliaji aliyekitia saini kwa mkono wake mwenyewe, akaninong'oneza bei. Nikakaa kitako sakafuni. Nyumba yangu ina dhahabu ya harusi tatu, na hakuna kipande kinachofika huko!

Wiki nzima ikawa ni hilo tu. Baba yake anataka ziuzwe moja moja kwa mnada wa mtandaoni, mama yake anaogopa matapeli, mwisho Raya akaamua mwenyewe: zile kumi na mbili za thamani azitoe kwa mkupuo, amuuzie Otieno, Mkenya anayefanya kazi duka la vifaa vya michezo, anayewanunulia matajiri wa Dubai. Nami nikatia langu. Mnunuzi aje nyumbani, alasiri, anywe kahawa yetu, mali aione mbele ya watu. Wakanikubalia. (Hapo ndipo wangenifunga mdomo.)

Siku yenyewe Raya akatoka asubuhi kufuata vyeti vyake, akaniachia kisanduku. "Bibi, niangalizie tu."

Nikamwangalizia. Nafungua, naona kila kadi imo ndani ya kijumba cha plastiki ngumu, kimezibwa pande zote, juu kimebandikwa karatasi ya namba. Nikasema khaa, huyu mtoto hakulelewa na mie? Kwetu makochi mapya yanaweza kukaa na plastiki zake mwaka mzima, lakini siku ya mgeni wa maana plastiki huvuliwa, mtu aone kitambaa. Nikachukua kisu, hakikuingia. Nikachukua koleo. Kwaa! Cha kwanza kikapasuka, na mkono ukishazoea huuzuii, nikavua kadi tisa.

Sasa kitu kishavuliwa, utakipeleka mbele ya mgeni kikavu kikavu? Nikawasha chetezo, nikazipanga juu ya tenga la kufukizia nguo, udi ukapanda (udi wangu mzuri, wa sikukuu, si ule wa kufukuzia harufu ya samaki). Halafu nikazinyunyizia marashi kwa ncha za vidole, kidogo tu, wallahi kidogo tu, nikaona saini ya yule mshambuliaji inaanza kutembea. Nikaifuta kwa pindo la kanga. Ikakimbia zaidi. Nikaona nizianike uani zikauke, na jua la Maskati mnalijua, niliporudi zote zimejikunja kama papari kwenye mafuta.

Bi Salma akaingia wakati huo, kaja mapema kuwahi halua.

"Shoga, hizo zinataka uzito," akasema.

Na uzito anao, Mungu kambariki. Tukazipanga kadi chini ya mto wa kochi, akazikalia.

Raya akarudi pamoja na Otieno, baba yake nyuma, majirani wanne wameshajipanga na vikombe mkononi. Otieno akavaa glavu nyeupe. Nikajiuliza, huyu kaja kununua kadi au kupasua mtu?

"Bibi, kadi ziko wapi?" Raya akauliza.

Sebule nzima ikafuata macho yangu mpaka kwa Bi Salma.

"Nyanyuka, shoga."

"Ninyanyuke vipi, mguu ushanifa ganzi!"

Wakamvuta wawili. Otieno akaokota kadi moja, akaigeuza, akainusa.

"Mama, nani alizitoa kwa plastiki?"

"Mie, baba. Nimekusafishia. Na udi nimezifukiza," nikasema, tena kwa maringo, maana nilikuwa bado sijajua.

"Mama, hiyo plastiki ndiyo ilikuwa inabeba bei. Hiyo namba hapo juu, kuna watu walikagua wakasema kadi ni safi, haijaguswa. Sasa imeguswa."

"Na mie nimeikalia," Bi Salma akasema, utadhani kaulizwa.

Raya akaichukua ile ya saini, ambayo saini yenyewe sasa ilikuwa wingu la buluu kwenye goti la mchezaji.

"Bibi, zote?"

"Tisa. Tatu zimesalia, koleo lilinichosha mkono."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Angenitukana ningepumua.

Otieno alinunua zile tatu kwa haki yake, tisa hakuzitaka hata bure, na tatu hazikufika Malaysia. Dhahabu yangu nikaitoa, Raya akaikataa. Akawaandikia wa chuo wakamsogezea nafasi yake mbele muhula mmoja, na miezi mitano yote mjukuu wangu, kichwa kile, akashinda dukani anauzia watu miwani, akirudi ananibusu mkono kama kawaida, nami kila akiubusu naona uchungu, maana ni mkono uleule.

Alikwenda, alhamdulillahi. Mwezi huu ukaja mzigo kutoka kwake, umefungwa plastiki kila upande. Nikauweka juu ya kabati, sikuugusa. Siku ya tisa akapiga simu.

"Bibi, mbona hujafungua?"

"Cha mtu kilichofungwa mie sifungui tena. Nimeapa."

"Lakini ni chako! Nimekutengenezea miwani, Bibi, kwa mkono wangu. Fungua!"

Nikamwambia aliseme tena neno hilo la "fungua", kwa sauti, baba yake alisikie. Akalisema. Na hata hivyo mkasi nimempa baba yake.