Uzio wa Mama Mkwe Msimu wa Kambale

Siku ya kwanza kazini nilifika kituo cha uvuvi cha mto Lufira na viatu vinavyong'aa, maana nilitoka Likasi, na mtu wa Likasi haendi kuanza kazi ya serikali na vumbi miguuni. Mkuu wa kituo alivitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Vua hiyo. Huku bureau yetu iko mu matope." Nilimchukia, yeye na ofisi yake ya matope, mpaka mchana.

Ninyi mnaowakuta kambale sokoni wamekwisha kaushwa kwa moshi, hamjui safari yao. Kiangazi chote hujificha kwenye vilindi vya mto. Mvua kubwa za kwanza zikijaza vijito, hupanda wote pamoja kutaga mayai kwenye majani yaliyofurika, wengine migongo nje, wakisukumana kama watu mlangoni pa misa ya Pasaka. Na wenye njaa wanajua. Korongo husimama pembeni, fisi-maji hupita chini, na mamba, ambaye sisi tunamwita ngwena, hulala mdomoni mwa kijito akingoja.

Kazi yetu ilikuwa kufungua nyuzio. Uzio ni matete yaliyosukwa kuziba kijito ukingo hadi ukingo, na katikati huwekwa mgono, kikapu ambacho samaki huingia asitoke. Msimu wa kupanda, sheria ilitaka nusu ya kijito iachwe wazi. "Hatukamati muntu," mkuu alikuwa akisema. "Tunafungua njia. Samaki ikizala, batu batakula." Mkuu aliyemfuata alipenda kukamata, na wakati wake tulipata maadui wengi na samaki wachache.

Nilioa kijiji cha pale pale, na uzio mkaidi kuliko zote ulikuwa wa mama mkwe wangu. Kwetu mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe, hapiti naye njia moja, sembuse kumgusa. Ni heshima, tena nzito. Basi kila msimu nilimtuma mwenzangu wa kazi kwake, mimi nikazunguka mbali.

Mwaka mmoja mwenzangu akashikwa na malaria, mvua zimeshaanza. Nikaenda mwenyewe. Nikasimama nyuma ya matete, nikakohoa ili ajue, nikageuza mgongo. Yeye alikuwa majini hadi kiunoni, naye akanipa mgongo.

"Bukwe, fungua nusu tu," nilisema, kwa jina wanaloitana wakwe kwetu.

"Batoto bangu batakula nini? Sheria?"

Kambale walikuwa wamejazana kwenye uzio mpaka maji yanachemka. Ghafla korongo wote wakaruka kwa pamoja. Ndipo nikageuka. Macho mawili na pua vilikuwa vinakuja polepole kando ya matete, nyuma yake.

"Ngwena! Toka mu maji!"

"Unanidanganya juu nifungue," alijibu, bila kugeuka.

Niliruka, nikamkamata mkono na kiuno, nikamburuta hadi ukingoni. Mamba aliupiga uzio, akaondoka na mgono mzima mdomoni. Matete yalifunguka, na kambale wakapita mbele yetu, wengi kuliko niliowahi kuona. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge, akalia.

"Umenishika! Miye, mama ya muke yako!"

Wazee walinitoza kuku wa kuondoa haya. Nilimtoa, lakini niliumia sana: nimemwokoa mtu, halafu nimelipishwa. Miaka mingi hakunisemesha, hata kwa kumtuma mtu. Mke wangu alikaa katikati yetu akiteseka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Sasa nimestaafu, niko Likasi. Bado nazifikiria zile sheria mbili, ya serikali na ya ukwe. Zote zilikuwa nzuri, na siku ile zote zilitukwamisha pale majini.

Mama mkwe anakaa kwetu tangu miguu ilipomwishia nguvu. Siku ya kwanza alipotakiwa kubebwa kwenda juani, wanawe wa kiume walikuwa machimboni, na mke wangu peke yake hakumweza. Nilikuwa sebuleni. Nikasikia sauti yake kutoka chumbani, kavu kama zamani:

"Muite bukwe. Ule alishanishika. Haya ilishaka kwisha."

Nikaingia, nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi. Yeye akageuzia uso ukutani, mimi nikautazama mlango, tukatoka nje.