Mjomba Alipokasirikia Utani

Aliyetuandikia ni msomaji wa kusini. Jina lake tunalo, lakini hatulitaji, na majina ya watu wake tumeyabadili.

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Nimemaliza shule mwaka huu na naishi kwa mjomba wangu, upande wa Matambarale. Baba alifariki nikiwa mdogo. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na huyu wangu alinipeleka shule huku wenzake wakimcheka kwamba anamsomesha mtu wa jikoni. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba simchukii. Mjue pia kwamba nina haya sana. Darasani nilikuwa naulizwa jambo ninalolijua na sauti haitoki. Ndiyo maana naandika.

Mjomba alikuwa na rafiki yake, Bakari. Waliingia jando pamoja, na Wazungu walipofungua mashamba ya karanga Nachingwea walikwenda pamoja, mjomba kung'oa visiki na Bakari kupikia kambi. Mashamba yalipokufa wakarudi. Mjomba akaoa. Bakari hakuoa. Alijenga kibanda karibu na kwetu, akawa anateka maji mwenyewe na kutwanga mtama wake mwenyewe, kazi ambayo kwetu mwanamume haigusi. Wanawake walimtania, "Mke mwenzetu, mbona mchi wako leo mzito?" Naye akajibu, "Mzito kwa sababu mimi sitwangi huku nasengenya." Walicheka wakamwazima ungo. Mjomba alikwenda kula kwake karibu kila alasiri, na akirudi uso wake ulikuwa mwepesi, hata sisi watoto tulithubutu kumwomba kitu.

Kisha bibi, mama yake mjomba, akafariki. Mnajua msibani watani wana ruhusa yao. Mtani wa ukoo wetu alijilaza mlangoni kuzuia chakula kisitoke, akalia kwa sauti ya kike, "Sitoki hapa mpaka mkwe mkubwa wa marehemu aje anilishe! Bakari, mwanamke wee, mama mkwe amekufa na wewe umejificha jikoni?" Watu wakaangua kicheko. Bakari mwenyewe alicheka, akatoka na upawa mkononi kumpiga mtani kwa mzaha.

Mjomba hakucheka. Alimkamata mtani shingoni akampiga mpaka kanzu ikachanika.

Kwetu mtu hamkasirikii mtani. Ukikasirika unatozwa kuku, watu wanacheka tena, yanaisha. Mjomba alikataa kutoa kuku. Mtani akainuka, akajifuta vumbi, akasema polepole, "Eh, ndugu yangu. Mimi nimetupa jiwe gizani tu. Mbona limempata mtu?"

Uwanja mzima ukanyamaza. Nafikiri mjomba angeweza kustahimili kicheko. Ule ukimya ndio uliomshinda.

Tangu siku ile hakwenda tena kwa Bakari. Alianza kumwita hanithi, kwanza nyumbani, kisha barazani, kisha kila mahali. Alisema chakula chake ni najisi, yeye aliyekila miaka yote. Vijana waliorudi kutoka Nachingwea bila kazi wakamfuata, wakaenda mchana kwa Bakari wakakipasua kinu chake kwa shoka. Nilisimama na ndoo yangu nikatazama. Niliona kwamba kila aliyetaka kutukana alitazama kwanza pembeni, kuhakikisha wenzake wanamsikia. Mjomba alitukana kuliko wote, na alitazama pembeni kuliko wote.

Sasa amempeleka Bakari kwa jumbe. Anataka afukuzwe nchini kwetu. Ameniambia, "Mpwa wangu, wewe umesoma, watakuamini. Utasema ulimwona akimshika kijana kisimani."

Nikasema, "Mjomba, sikuona."

"Mimi nilikuona wewe ulipokuwa huna nguo wala ada. Je, niliuliza?"

Nilimwendea mkaza mjomba, nikamweleza. Hakuinua macho kwenye mboga. "Nyamaza, mwanangu. Nguzo unayotaka kuing'oa ndiyo inayoshika paa letu sote." Nikajua kwamba anajua.

Nikaenda kwa Bakari kumwonya. Alikuwa anasaga mtama kwa jiwe, kinu hakipo. Nikamwuliza kwa nini mjomba anamchukia hivi.

"Hanichukii," akasema. "Anaogopa kwa sababu namjua. Kambini tulikuwa na hema moja." Akaendelea kusaga. Kisha akasema, "Sema anavyotaka, binti. Mimi nitakwenda Kilimarondo kulinda mashamba ya watu, nguruwe hawaniulizi mke. Ukisema kweli, hawataniacha mimi. Watamgeukia na yeye. Na yeye, maskini, hataweza kustahimili hata siku moja."

Nimelifikiria neno hilo mpaka kichwa kinauma. Nikisema uongo, namfukuza mtu ambaye hajanikosea lolote. Nikisema kwamba sikuona, wataniuliza kwa nini basi mjomba ashtaki, na jibu lake kila mtu alilisikia siku ya msiba. Nikinyamaza, haya zangu zitahesabiwa kuwa ushahidi. Mjomba mwenyewe hali vizuri siku hizi. Alasiri ikifika hukaa nyuma ya nyumba amekipa mgongo kibanda cha Bakari. Sijui kama amani aitafutayo ataipata Bakari akishaondoka. Naona hataipata, na atatafuta mtu mwingine.

Baraza la jumbe ni wiki hii. Najua gazeti likifika Ruangwa mambo yatakuwa yamekwisha, na mimi nitakuwa nimesema au nimenyamaza. Hata hivyo nishaurini, wakubwa zangu, kwa sababu nitakuwa bado nampakulia mjomba chakula chake cha alasiri. Nitamtazamaje, nami nifanye nini?